Kuchagua Kibanda cha Kupulizia Rangi Nyumbani

Tangu Mkomaindo na Masasi mjini mpaka Newala, iliyoketi ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, sanaa ni mwenyeji wa siku nyingi: wapo wachongaji wa mpingo, wapo mafundi wa mapiko yavaliwayo ngomani, na kwa jirani zetu wa Tunduru ndiko alikozaliwa mwaka 1932 marehemu Edward Saidi Tingatinga, ambaye hata alipofariki mwaka 1972 alikuwa amekwisha kuwaonyesha walimwengu kwamba kipande cha ubao na kopo la rangi ya baiskeli vyatosha kuanzisha mtindo mzima wa uchoraji. Si ajabu, basi, kwamba leo miongoni mwetu wamo walimu, wauguzi, makarani na wanafunzi ambao, wakisha kumaliza kazi ya riziki, huona raha kuketi na kompresa ndogo na kalamu ya kupulizia rangi, wakapamba kinyago, kigoda, fremu ya picha au kigari cha mtoto. Kwa ajili ya hao nimeuandika mwongozo huu, maana fundi wa karakana aghalabu hupuliza rangi uani penye upepo, ilhali mpenda sanaa hupuliza chumbani, karibu na kitanda na mtungi wa maji ya kunywa, naye hudhani kwamba udogo wa kalamu yake ndio usalama wake.

Jambo ninalotaka likae moyoni mwako, msomaji mwema, kabla hujafungua mkoba wa fedha, ni hili: kibanda cha kupulizia rangi hununuliwa kwa hewa inayokipita, wala si kwa sura yake, wala kwa taa zake, wala kwa kisahani chake cha kuzungushia kazi. Kasha zuri ambalo hewa yake haitoki nje ya nyumba ni pambo tu. Na kasha la mbao duni, lililoungwa barabara na feni yenye nguvu na bomba litokalo nje, hilo ndilo kibanda cha kweli.

Tambua kwanza unachokipuliza

Rangi itokapo katika tundu la kalamu, sehemu yake hushika kwenye kitu kinachopambwa, na sehemu iliyosalia huenda hewani kwa hali mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ukungu wa matone madogo mno yaliyobeba unga wa rangi, na huo waweza kunaswa na chujio. Ya pili ni mvuke wa thina, au wa kiyeyushi kingine kilichomo katika rangi, na huo haunaswi na chujio la nyuzi wala la sponji hata likiwa nene kiasi gani. Asiyezitenga hali hizi mbili atauziwa kisichomfaa, naye atatoka dukani akishukuru.

Rangi za akriliki zichanganywazo na maji ndizo ninazokusihi uzishike kwa kazi ya chumbani, kwa kuwa hazitoi mvuke wa kuwaka kama utokao katika thina. Lakini usidhani kwamba ukungu wake haudhuru, maana pafu halikuumbwa kupokea unga wa rangi, uwe umechanganywa na maji au na kitu kingine. Rangi za enameli, laka, vanishi na sila zinazoyeyushwa kwa thina zina hatari mbili, ya sumu na ya moto, nazo nitazirejea mbele. Ama rangi za magari za sehemu mbili, zile zinazochanganywa na hadina kabla ya kupulizwa, nyingi zina kemikali za jamii ya isosayaneti, ambazo huweza kumwachia mtu ugonjwa wa pumu wa maisha. Hizo usizipulize nyumbani katika kibanda cha namna yoyote, bali waachie wenye karakana iliyojengwa kwa kazi hiyo na wenye vifaa vya kuwaletea hewa safi ya kupumua kwa mpira.

Tena zitazame kwa hadhari ya pekee rangi za mafuta za manjano, za machungwa na nyekundu, kwa sababu tangu zamani risasi imetumika kuzitia mng'ao, na shirika la AGENDA la Dar es Salaam limepata kuzipima rangi za madukani hapa Tanzania na kukuta risasi katika baadhi yake. Chagua kopo ambalo lebo yake imetamka waziwazi kwamba halina risasi, hususan nyumba ikiwa na watoto, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua, na madhara yake hayaponywi yakaisha.

Hesabu ya hewa

Ukisha kuijua rangi yako, shika utepe wa kupimia. Kanuni ya mafundi wa kazi hii ni kwamba hewa iingiayo kwa mdomo wa kibanda yapasa kwenda kwa mwendo wa takriban nusu mita kwa kila sekunde. Ikipungua sana, ukungu humrudia mpulizaji usoni, na ikizidi mno, matone hukauka kabla ya kutua na kazi ikawa na mikwaruzo kama iliyopigwa mchanga. Basi zidisha upana wa mdomo kwa kimo chake, kisha zidisha kwa nusu mita, na hapo utapata kiasi cha hewa kinachotakiwa kila sekunde.

Mathalan, kibanda chenye mdomo wa sentimita 50 kwa 40, kinachotosha kinyago cha wastani au fremu ndogo, kina eneo la mita ya mraba 0.20, ukilizidisha kwa nusu utapata mita za ujazo 0.10 kwa sekunde, yaani 360 kwa saa. Ukitaka mdomo wa sentimita 80 kwa 60, upate kuingiza kigoda, utahitaji mita za ujazo 864 kwa saa, ambayo ni zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usitamani ukubwa usiokuwa na haja nao: pima kitu kikubwa kuliko vyote unavyovipamba kwa kawaida, ongeza nafasi ya kuzungusha mkono, na ukomee hapo, kwa sababu kila sentimita ya ziada ya mdomo yadai hewa ya ziada kutoka kwa feni ile ile.

Kwenye maboksi ya vifaa vitokavyo nje utaona aghalabu herufi CFM, na maana yake ni futi za ujazo kwa dakika. Hizo mita 360 kwa saa ni sawa na futi kama 212 kwa dakika. Walakini jihadhari na tarakimu hiyo, kwa kuwa mara nyingi imepimwa feni ikiwa peke yake, haina chujio mbele wala bomba nyuma. Chujio likisha kuwekwa na bomba likisha kupindwa, kiasi hicho hupungua vibaya. Kwa hiyo chukua feni iliyoandikwa walau nusu zaidi ya hesabu yako, na kama bomba lako ni refu au lina kona, chukua iliyoandikwa mara mbili.

Feni na mota yake

Feni za mapanga bapa, kama zile zinazotundikwa katika ukuta wa choo au jiko, husukuma hewa nyingi penye njia nyeupe, lakini zikikutana na chujio na bomba refu huzunguka kwa kelele na hewa isitoke. Feni za aina ya bloa, ambazo mapanga yake yamezunguka ndani ya ngoma na hewa hutoka kwa mdomo wa ubavuni, huvumilia kizuizi kwa uthabiti zaidi, na ndizo zinazofaa kibanda chenye bomba.

Uulize muuzaji, wala usione haya kuuliza, mota imekaa wapi. Mota yenye brashi za kaboni hutoa cheche ndogo wakati wote izungukapo, na ikiwa imekaa katikati ya njia ya hewa iliyojaa mvuke wa thina, umejitengenezea kiberiti kilichowashwa. Asetoni huweza kutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Tolueni, kwenye nyuzi 4. Na zailini, kwenye nyuzi takriban 27. Na sisi sote twajua kwamba mwezi wa Oktoba na Novemba jua la mchana la Masasi hupita nyuzi 30 bila jitihada. Maana yake ni kwamba kopo la thina lililofunguliwa mchana chumbani kwako liko tayari kuwaka saa yoyote, linangoja cheche tu.

Kwa hiyo hukumu ni nyepesi. Ukipuliza akriliki ya maji peke yake, feni ya kawaida yenye mota isiyo na brashi yatosha. Ukikusudia kupuliza rangi za thina ndani ya nyumba, huna budi kupata feni iliyoundwa na kuthibitishwa kwa kazi ya mvuke unaowaka, nayo ni ghali. Na usipoimudu, peleka kazi hiyo nje, uani, mbali na jiko. Wala asikudanganye mtu kwamba mashine ya kupulizia salfa mikorosho, kwa kuwa ina nguvu, yaweza kugeuzwa ikawa feni ya kibanda: injini ya petroli ina moto wake na moshi wake, na mahali pake ni shambani.

Bomba na mahali pa kutolea

Vipo vibanda vinavyouzwa bila bomba, ambavyo huvuta hewa, huipitisha katika chujio, kisha huirudisha chumbani mle mle. Hivyo huzuia matone tu. Mvuke wote hubaki nawe. Hata vile vyenye makaa maalumu ya kunyonya harufu hufanya kazi mpaka makaa yashibe, na yakishashiba hayatoi ishara machoni. Chagua kibanda chenye bomba la kutoka nje, au usichague chochote.

Bomba na liwe pana, fupi na nyoofu. Ile hewa ya mita 0.10 kwa sekunde, ikipitishwa katika bomba la kipenyo cha sentimita 10, hulazimika kwenda karibu mita 13 kwa sekunde, na feni hupiga kelele na kuchoka. Ikipitishwa katika bomba la sentimita 15, huenda mita zisizofika 6, kwa kuwa eneo la bomba hilo ni mara mbili na robo ya lile la kwanza. Bomba la bati lenye ndani laini ni bora kuliko lile la mikunjo mikunjo, na kona moja ya taratibu ni bora kuliko kona mbili kali.

Sasa tazama upepo wa kwetu. Kusi hutuvumia kutoka kusini mashariki kwa miezi mingi ya kiangazi, na kaskazi hutuvumia kutoka kaskazini mashariki wakati wa mvua. Kwa hiyo mdomo wa bomba uelekezwao magharibi huwa upande wa kukingwa katika misimu yote miwili, na upepo huichukua hewa chafu badala ya kuirudisha ndani. Huko Newala, ambako mtu akisimama Shimo la Mungu husikia jinsi upepo unavyopanda ukingo wa uwanda, usichague upande kwa kukisia: funga kitambaa chepesi kwenye ufito, kitazame asubuhi, adhuhuri na alasiri, ndipo utoboe ukuta.

Fauka ya upepo, yako mambo mawili ambayo vitabu vya Ulaya havitakuambia. La kwanza ni maji. Juu ya uwanda visima ni haba, na nyumba nyingi hukinga mvua kwa paa la bati na kuiweka katika tangi. Mdomo wa bomba usielekee paa hilo kamwe, wala paa la jirani, maana unga wa rangi uliotua juu ya bati wakati wa kiangazi ndio utakaoteremka na mvua ya kwanza. La pili ni chakula. Sisi huanika makopa na korosho uani. Basi bomba lisifunguke upande wa anikio, na siku jirani yako amejaza jamvi lake, ahirisha kazi.

Hewa ya kuingia

Wengi huhesabu hewa itokayo, wakasahau ile iingiayo. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mita za ujazo 24 na ushei; feni ya mita 360 kwa saa huweza kukimaliza chote katika dakika nne hivi, na hewa nyingine isipoingia, feni itazunguka bure na ukungu utabaki mdomoni mwa kibanda. Acha wazi dirisha au mlango ulio mkabala na kibanda, wenye uwazi usiopungua mdomo wa kibanda chenyewe, na ukae wewe katikati, hewa safi ikupite mgongoni na mabegani kwanza, kisha ikute kazi yako, kisha itoke. Mpangilio huu ndio siri ya kibanda kizima: pua yako iwe daima upande hewa inakotoka, na rangi iwe upande inakoelekea. Kwa ajili ya vumbi letu jekundu, litakalotaka kuingia pamoja na hewa na kutua juu ya laka mbichi, tundika dirishani kipande cha chandarua kilicholoweshwa kidogo. Mikunjo miwili yatosha, na mitatu huzuia hewa.

Chujio

Chujio la nyuzi za kioo au la poliesta, lenye uso laini upande mmoja na uliofungamana upande wa pili, ndilo la kawaida. Kabla hujalipa, hakikisha mambo mawili: kwamba lafunika njia yote ya hewa bila mwanya pembeni, na kwamba lapatikana tena Mtwara, Dar es Salaam au kwa njia ya posta, kwa kuwa kibanda ambacho chujio lake halipatikani huwa kimekufa mwezi wa tatu. Kibanda kizuri huruhusu chujio likatwe kutoka katika shiti ya kawaida kwa mkasi. Vichujio vilivyotumika kwa rangi za mafuta visirundikwe chumbani wala visichomwe jikoni. Vitie katika kopo la bati lenye mfuniko, pamoja na matambara yaliyofutia mafuta ya kitani, ambayo hupata joto yenyewe na kuwaka bila kuwashwa.

Jaribio la ubani

Kibanda kikisha kusimama, usikiamini kwa maneno, kijaribu. Kabla ya kopo lolote la rangi au la thina kufunguliwa chumbani, washa feni, fungua dirisha la nyuma, kisha tia punje chache za ubani katika kaa dogo ndani ya chetezo, na ukishike mbele ya mdomo wa kibanda, kwa umbali wa shibiri moja. Utazame moshi. Ukiinama wote kwa pamoja na kuingia ndani kama uzi uliovutwa, hewa yako inatosha. Ukiingia katikati lakini ukajikunja na kurudi pembeni au juu, feni ni dhaifu kwa mdomo huo, na dawa yake ni kupunguza mdomo kwa ubao, au kufupisha bomba, au kuongeza feni. Ukisimama wima na kupanda darini, huna kibanda, una kasha. Zunguka na chetezo chako kwenye pembe zote nne, kwa maana pembe za chini ndizo ambazo aghalabu hewa huzisahau, na mvuke wa thina, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hupenda kulala huko. Kisha zima kaa, ulitoe nje, na hapo ndipo uanze kazi.

Jaribio la pili lifanye baada ya kazi ya kwanza: chukua kitambaa cheupe, ufute kizingiti cha dirisha, juu ya kabati na upande wa juu wa fremu ya mlango. Kitambaa kikitoka na wekundu au ubuluu wa rangi uliyoipuliza, jua kwamba kiasi kama hicho kimeingia pia katika vifua vya waliomo nyumbani.

Adabu ya kazi

Kibanda, hata kiwe bora vipi, hakiondoi haja ya barakoa. Kwa akriliki ya maji, vaa barakoa ya kuzuia chembe inayobana uso vizuri. Kwa rangi za thina, hata uwapo nje, vaa ile ya mpira yenye makopo mawili ya kunyonya mvuke na vichujio vya chembe mbele yake, na uyabadilishe makopo mara tu unaposikia harufu ndani. Kitambaa cha shingoni hakizuii kitu, na ndevu nzito huharibu hata barakoa iliyo njema, kwa kuwa hupitisha hewa pembeni.

Washa feni kabla ya kushika kalamu, na uiache izunguke robo saa baada ya kuiweka chini. Umeme ukikatika, acha papo hapo: tangi la kompresa huwa bado lina upepo wa kutosha kukushawishi umalizie, ilhali feni imekwisha kusimama na hewa haitoki. Tumia shinikizo dogo kadiri rangi inavyoruhusu, aghalabu kati ya bari 1 na 2 kwa kalamu ndogo, maana nguvu inayozidi haja hugeuza rangi kuwa ukungu. Mtoto asiingie, chakula kisiliwe, sigara isiwashwe. Na ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu au kikohozi kisichokoma, toka nje, na isipopungua upesi nenda ukamwone tabibu, katika Hospitali ya Mkomaindo au iliyo karibu nawe, ukimweleza kwa jina ulichokipuliza. Beba na kopo lenyewe asome lebo.

Siku utakapoanza kumlipa kijana akusaidie, jua kwamba chumba chako kimekuwa mahali pa kazi mbele ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kwamba dhamana ya pumzi yake iko mkononi mwako.

Kama fedha haitoshi

Najua kwamba wengi wetu hatutanunua kibanda kamili kwa mkupuo mmoja. Basi anza na feni na bomba, kwa kuwa hivyo havibuniwi, kisha chujio, kisha barakoa iliyo njema, ambayo haipaswi kungoja kitu kingine chochote, na kasha lenyewe mwachie seremala wa mtaani kwako akuundie kwa plaiwudi, alipake rangi nyeupe ndani upate kuona kazi yako vizuri, na aache mdomo wa kipimo ulichokihesabu wewe. Taa na kisahani cha kuzungushia vitakuja baadaye, au visije.

Na kama chumba chako hakina ukuta wa nje wa kutobolewa, wala dirisha la kupitisha bomba, shika brashi. Tingatinga alifanya kazi yake yote kwa brashi, na picha zake ziko katika kuta za dunia nzima. Hakuna aibu katika kuahirisha kalamu ya upepo mpaka upate mahali pa kuitolea hewa, bali aibu ni kuipendezesha sanamu ya mti huku ukiwachafulia pumzi watoto wanaolala chumba cha pili.